Kutoa Ruhusa Ni Rahisi, Kuiondoa Ndiko Kwenye Kazi

Ndugu mwenyekiti, wakuu wa idara, wahandisi wa data, wachambuzi, na ninyi wa ukaguzi wa ndani ambao kwa kawaida mnaitwa mambo yakishaharibika: habari za asubuhi, na asanteni kwa kuja mapema.

Nimeombwa nizungumzie usimamizi wa ruhusa za watumiaji kwenye majukwaa ya data yaliyo kwenye wingu. Nikisema kwa ujumla tutaondoka hapa na maneno mazuri tusiyoweza kuyafanyia kazi, kwa hiyo nimechagua jukwaa moja, Snowflake, na nitalitaja kwa amri zake na mitego yake. Anayetumia BigQuery au Databricks atakuta majina mengine, ila makosa atayatambua.

Nimekuja na hoja moja tu. Mfumo wa ruhusa usipimwe kwa wepesi wa kumpa mtu ruhusa. Upimwe kwa wepesi wa kumwondolea bila kitu kuvunjika. Taasisi nyingi zinajua nani hapaswi kuwa na nini. Hawaondoi kwa sababu hakuna anayejua ripoti ipi itakufa kesho yake.

Tuanze pale tatizo linapozaliwa, siku ya kwanza ya mchambuzi mpya kazini. Amefungua ukurasa, ameandika swali lake la kwanza, na Snowflake inamjibu kwamba jedwali "does not exist or not authorized". Yaani ama halipo, ama huruhusiwi, na haisemi ni lipi kati ya hayo mawili. Hilo limefanywa kwa makusudi: kumwambia mtu asiyehusika kwamba jedwali la mishahara ya wakurugenzi lipo lakini hana ruhusa, tayari ni kumpa habari. Kwa usalama ni jambo jema. Kwa msimamizi mwenye watu kumi wanaomsubiri ni mateso, kwa sababu anatoa ruhusa ya kusoma jedwali, ujumbe unabaki uleule. Anaongeza nyingine, ujumbe uleule. Mwisho anampa kijana ACCOUNTADMIN, jukumu la juu kabisa kwenye akaunti nzima, "kwa muda, nitaiondoa jioni". Jioni hiyo huwa haifiki.

Kilichomkwamisha ni kwamba kusoma jedwali moja kunahitaji ruhusa tatu kwa pamoja. Fikirieni ua, nyumba na chumba: ukipewa ufunguo wa chumba bila wa geti, hujapewa kitu. Geti ni hifadhidata, nyumba ni skima, yaani fungu la majedwali ndani ya hifadhidata, chumba ni jedwali. Kwenye skrini nimeweka mfano wa taasisi ya mikopo yenye matawi; GRANT ni kutoa ruhusa, USAGE ni ya kuingia, SELECT ni ya kusoma:

GRANT USAGE ON DATABASE MIKOPO TO ROLE MIKOPO_KUSOMA;
GRANT USAGE ON SCHEMA MIKOPO.RIPOTI TO ROLE MIKOPO_KUSOMA;
GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA MIKOPO.RIPOTI TO ROLE MIKOPO_KUSOMA;
GRANT SELECT ON FUTURE TABLES IN SCHEMA MIKOPO.RIPOTI TO ROLE MIKOPO_KUSOMA;

Amri ya tatu inashika majedwali yaliyopo leo tu. Ya nne inashika yatakayoundwa kuanzia sasa. Ukiandika moja ukaacha nyingine, utakuwa na malalamiko ya aina mbili tofauti. Na hizo zote ni za majedwali. Vyuu, yaani yale maswali yaliyohifadhiwa yanayoonekana kama jedwali, zinahesabiwa kuwa aina nyingine, kwa hiyo rudia amri mbili za mwisho ukiweka VIEWS. Bado kuna ya ziada ambayo wengi huisahau: swali lolote linahitaji nguvu ya kulichakata, ambayo Snowflake huiita ghala, na ghala nalo lina USAGE yake. Bila hiyo mtu anaona jedwali lakini hawezi kuliuliza.

Mmeona kwamba kwenye amri zote hizo hakuna jina la mtu. Huo ndio msingi: ruhusa inapewa jukumu, yaani ROLE, na jukumu anapewa mtu. Lakini majukumu yenyewe yawe ya tabaka mbili, na hapa ndipo ninapoomba msikilize vizuri, maana tabaka hizo mbili ndizo zitakazoamua kama mwaka kesho mtaweza kusafisha.

Tabaka la chini ni majukumu ya data. Kila moja linasema mahali na kitendo: MIKOPO_KUSOMA, MIKOPO_KUANDIKA, AKIBA_KUSOMA. Hayapewi mtu hata siku moja. Tabaka la juu ni majukumu ya kazi: MCHAMBUZI_MIKOPO, MHANDISI_DATA, MKAGUZI. Haya hayashiki jedwali lolote moja kwa moja. Yanapewa majukumu ya tabaka la chini, na watu wanapewa haya tu. Mchambuzi wa mikopo akihitaji kusoma akiba, unaandika GRANT ROLE AKIBA_KUSOMA TO ROLE MCHAMBUZI_MIKOPO, mstari mmoja. Siku hitaji likiisha unaandika REVOKE, mstari mmoja. Usipokuwa na tabaka hizi, ruhusa ileile itakuwa imetawanyika kwenye amri mia mbili zilizoandikwa na watu waliokwishaondoka, na hakuna atakayethubutu kuzigusa.

Msiunde jukumu kwa jina la mtu. Nikiona ROLE_JOHN kwenye orodha najua kuna siku mtu alikuwa na haraka. Na msiunde jukumu jipya kwa kila ombi. Taasisi yenye watumishi sitini na majukumu mia tatu haina udhibiti wowote, ina orodha tu.

Majukumu ya kazi yote yaunganishwe juu hadi SYSADMIN, jukumu la msimamizi wa mfumo. Hili halitokei lenyewe. Ukiunda jukumu ukaliacha likielea, vitu vitakavyoundwa nalo SYSADMIN havioni, na hata ACCOUNTADMIN havioni. Watu hushangaa wakisikia hivyo, kwa sababu wanadhani ACCOUNTADMIN ni mwenye enzi. Sivyo. Anaona tu kile ambacho yeye au jukumu lililo chini yake limeruhusiwa.

Kwa kuwa nimeyataja hayo yanayokuja na Snowflake yenyewe, niyapitie haraka. USERADMIN huunda watumiaji na majukumu. SECURITYADMIN anarithi hayo na ana ruhusa inayoitwa MANAGE GRANTS, ambayo maana yake anaweza kutoa ruhusa ya kitu chochote, ikiwemo kujipa mwenyewe. Msimtazame kama karani. SYSADMIN huunda hifadhidata na maghala. PUBLIC anapewa kila mtu bila kuomba, kwa hiyo unachompa PUBLIC umewapa wote, pamoja na yule mshauri wa wiki mbili. ACCOUNTADMIN yuko juu ya SECURITYADMIN na SYSADMIN.

ACCOUNTADMIN wawe wawili angalau, ili mmoja akiugua au simu yake ikipotea mwingine aweze kuingia. Wakizidi watatu au wanne, ulizeni kwa nini. Isiwe ndilo jukumu mtu anaingia nalo kila asubuhi. Aingie na jukumu la kawaida, apande anapohitaji, ashuke. Sababu si nadharia. Anayeunda jedwali akiwa ACCOUNTADMIN, jedwali linamilikiwa na ACCOUNTADMIN. Mhandisi wa kawaida hawezi kulirekebisha. Atakuja kuomba, atapewa ACCOUNTADMIN, naye ataunda mengine akiwa humohumo. Ndivyo wawili wanavyogeuka kumi na wawili bila kikao chochote kuamua hivyo.

Sasa mitego. Nitakaa hapa kidogo.

Wa kwanza ni wa zile ruhusa za majedwali yajayo. Zinaweza kuwekwa kwenye skima, na zinaweza kuwekwa kwenye hifadhidata nzima. Tuseme mkaguzi alipewa mwaka jana, kwa hifadhidata nzima ya MIKOPO, kusoma majedwali yote yajayo. Safi. Mwezi huu mhandisi anaweka ruhusa ya majedwali yajayo kwenye skima ya RIPOTI kwa ajili ya wachambuzi. Tangu dakika hiyo, ndani ya RIPOTI, ruhusa ya ngazi ya skima ndiyo inayofuatwa na ile ya hifadhidata inapuuzwa kwa majedwali, hata kama majukumu ni mawili tofauti kabisa. Mkaguzi ataendelea kuona majedwali ya zamani. Mapya hatayaona, na hakuna ujumbe utakaotokea popote. Ndugu wakaguzi, mnaweza kukaa miezi mkikagua nusu ya data mkidhani ni yote. Dawa ni kuchagua ngazi moja na kubaki nayo. Mimi nachagua skima. Kisha endesheni SHOW FUTURE GRANTS IN DATABASE MIKOPO, na ikirudisha chochote, hamishieni kwenye skima kabla ya kufuta.

Wa pili ni CREATE OR REPLACE TABLE. Skripti nyingi za usiku hufuta jedwali na kuliunda upya kwa amri hiyo. Kwa Snowflake hilo ni jedwali jipya, halina uhusiano na ruhusa za lile la jana. Kama ruhusa zilitolewa kwa mkono, asubuhi dashibodi ya mkurugenzi ni tupu. Ongezeni COPY GRANTS kwenye amri, au hakikisheni ruhusa za majedwali yajayo zipo. Anayetumia dbt, ile zana ya kuandaa majedwali, ana mpangilio wa copy_grants, auwashe. Ubaya wa mtego huu hauishii kwenye dashibodi. Mtu akichoka kurudia ruhusa kila asubuhi, ataibandika kwenye PUBLIC.

Wa tatu unawangoja siku mnasafisha. Ukifuta jukumu kwa DROP ROLE, vyote lililokuwa likivimiliki vinahamia kwa jukumu lililotoa amri hiyo. Ukifuta ukiwa ACCOUNTADMIN, umerudi palepale tulipotoka. Kwanza SHOW GRANTS TO ROLE uone linamiliki nini, pili hamisha umiliki kwa GRANT OWNERSHIP ukiongeza COPY CURRENT GRANTS ili ruhusa za wengine zibaki, tatu ndipo ufute.

Kunakili pia kuna jambo lake. Ukinakili hifadhidata ya kazi halisi ili wahandisi wajaribie, ruhusa za kwenye hifadhidata yenyewe hazifuati, lakini za majedwali yaliyo ndani zinafuata. Ukishawapa USAGE kwenye nakala, kila aliyeweza kusoma kule anaweza kusoma huku, tena mahali ambapo hakuna anayetazama.

Kwa skima zenye taarifa nyeti, undeni skima kwa WITH MANAGED ACCESS. Kwa kawaida mwenye jedwali anaweza kumpa amtakaye. Kwenye skima ya aina hii uwezo huo unabaki kwa mwenye skima na mwenye MANAGE GRANTS. Mhandisi aliyeunda jedwali anaendelea kulifanyia kazi, ila hawezi kuligawa.

Niseme neno kuhusu fedha, maana wakuu wa idara wako hapa. Ghala dogo kabisa, X-Small, linakula krediti 1, kipimo ambacho Snowflake hutozea, kwa saa, na kila ukipanda saizi inakuwa mara mbili: 2, 4, 8, hadi 16 kwa X-Large. Mwenye USAGE anaendesha maswali. Mwenye OPERATE anaweza kuliwasha na kulizima. Mwenye MODIFY anaweza kubadili saizi. Mchambuzi ambaye swali lake ni la polepole na ana MODIFY atapandisha hadi X-Large, swali litaisha, ataenda kula, na kurudisha atasahau. Wachambuzi wapeni USAGE pekee.

Kuna badiliko ambalo wengi wamelipita. Zamani mtu mwenye majukumu matano alitumia moja kwa wakati, na taasisi zingine zilitegemea hilo kutenganisha kazi. Siku hizi mtumiaji mpya anaundwa majukumu yake yote ya ziada yakiwa yamewashwa, yaani anaposoma anasoma kwa jumla ya yote aliyonayo. Jukumu kuu, lile alilolichagua kwa wakati huo, linaamua tu anapounda kitu. Kama mtu mmoja ana la kuandaa malipo na la kuyaidhinisha mkidhani hawezi kuyatumia pamoja, anaweza.

Hilo linagusa sera za kufunika data, zilizopo kuanzia toleo la Enterprise. Hii ni ya namba za simu:

CREATE MASKING POLICY FUNIKA_SIMU AS (namba STRING) RETURNS STRING ->
CASE WHEN IS_ROLE_IN_SESSION('SIMU_WAZI') THEN namba
ELSE '*' || RIGHT(namba, 3) END;

Mifano mingi mtakayoikuta hutumia CURRENT_ROLE() badala ya IS_ROLE_IN_SESSION. Ya kwanza hutazama jukumu kuu peke yake, kwa hiyo aliyerithi SIMU_WAZI kupitia jukumu lake la kazi ataona nyota, atalalamika, na mtu ataongeza jina la jukumu lake ndani ya sera. Mwaka mmoja baadaye sera ina majina ishirini na haisomeki. Tumieni ya pili, na sera itaje jukumu moja la tabaka la chini tu.

Sasa watu. Mifumo ya kigeni hufikiri mtumishi anaajiriwa, anafanya kazi, anaondoka. Kwetu kuna kukaimu. Meneja wa tawi la Tanga anakaimu Mbeya miezi mitatu, anapewa ruhusa za Mbeya, meneja kamili wa Mbeya anateuliwa, ruhusa za Mbeya zinabaki kwa huyu wa Tanga. Kuna uhamisho vilevile: mtu ametoka mikopo ameenda utumishi, anabeba majukumu ya zamani na kuongezewa mapya. Baada ya vituo vinne, mtumishi wa kawaida mwenye miaka mingi kazini anaona kuliko mkurugenzi.

Amri ya GRANT ROLE haina tarehe ya mwisho, kwa hiyo tarehe lazima muitengeneze wenyewe. Kwa data ya matawi, njia nzuri ni sera ya mistari inayosoma jedwali dogo lenye kolamu nne: mtumiaji, tawi, kuanzia, mpaka. Sera inaonyesha mistari ya tawi pale tu tarehe ya leo iko kati ya hizo mbili. Anayekaimu anaongezewa mstari mmoja, na siku ya mwisho ikipita hakuna anayehitaji kukumbuka. Tarehe ya "mpaka" isiruhusiwe kuwa tupu; tupu ndiyo milele ya watu wavivu. Kwa majukumu ya kawaida, wekeni jedwali la ruhusa za muda na kazi ya usiku inayopitia zilizokwisha muda na kuendesha REVOKE. Na mshauri wa nje aundwe na DAYS_TO_EXPIRY: mkataba wa siku 60, andika 60. Tahadhari ni moja, kipimo hicho si cha kumwekea mwenye ACCOUNTADMIN, ambaye mshauri wa nje hapaswi kuwa.

Mtu anapoondoka kabisa, amri ya kwanza ni ALTER USER na DISABLED = TRUE. Anafungiwa hapohapo, na maswali yake yanayoendelea yanakatwa. Kumfuta kunaweza kusubiri. Vizuri zaidi iwe inajiendesha: saraka ya watumishi, iwe Okta au Microsoft Entra ID, ikiunganishwa kwa SCIM, njia ya saraka kupeleka mabadiliko ya watumiaji kwenye mifumo mingine, utumishi wakimzima kule anazimika na huku.

Wengi wana SSO, yaani kuingia kwenye mifumo yote kwa akaunti moja ya saraka, bila SCIM na wanadhani wamemaliza. Mtu aliyezimwa kwenye saraka hawezi kupita mlango wa SSO, kweli. Lakini kama aliwahi kuwekewa nenosiri ndani ya Snowflake kabla SSO haijaja, mlango ule wa zamani uko wazi na saraka haiujui. Tazameni kwenye ACCOUNT_USAGE.USERS, kolamu ya HAS_PASSWORD. Kwa kila anayeingia kwa SSO, UNSET PASSWORD. Wabakizeni nalo wale wachache wa dharura, kwa uthibitisho wa hatua mbili.

Juni 2024 kampuni ya usalama ya Mandiant ilitoa ripoti kuhusu kundi waliloliita UNC5537. Taasisi zipatazo 165 zilizokuwa zikitumia Snowflake ziliarifiwa kwamba huenda data zao zimeguswa. Mandiant hawakupata ushahidi kwamba mifumo ya Snowflake yenyewe ndiyo iliyovunjwa. Wezi waliingia kwa majina na manenosiri halali, yaliyoibwa na virusi vya kukusanya manenosiri kwenye kompyuta za watu, mengine tangu 2020, na miaka hiyo yote hayakubadilishwa. Akaunti hizo hazikuwa na hatua ya pili ya uthibitisho, wala orodha ya anwani za mtandao zinazoruhusiwa kuingia. Baadhi ya kompyuta zilizoambukizwa zilikuwa za wakandarasi, walizotumia pia kuchezea gemu na kupakua programu zilizokrakiwa. Sitawauliza nani humu ana laptopu ya namna hiyo.

Swali la kuendesha mkirudi ofisini ni hili:

SELECT USER_NAME, COUNT(*), MAX(EVENT_TIMESTAMP)
FROM SNOWFLAKE.ACCOUNT_USAGE.LOGIN_HISTORY
WHERE IS_SUCCESS = 'YES'
AND FIRST_AUTHENTICATION_FACTOR = 'PASSWORD'
AND SECOND_AUTHENTICATION_FACTOR IS NULL
GROUP BY USER_NAME;

Kumbukumbu hizo hutunzwa siku 365 na huchelewa hadi saa mbili. Majina yatakayotoka ni ya aina mbili. Watu, ambao dawa yao nimeshaitaja. Na programu: zana ya kuhamisha data, dashibodi, skripti ya mtu. Programu iwe mtumiaji wa TYPE = SERVICE, ambaye hawezi kuingia kwa nenosiri, atumie jozi ya funguo za kidijitali, mmoja wa siri na mmoja wa umma. Kila programu na mtumiaji wake. Ukiwa na mtumiaji mmoja aitwaye ETL anayetumiwa na programu sita, siku ufunguo ukivuja utalazimika kuzima zote sita, na hutajua ni ipi iliyovujisha. Kubadili ufunguo hakuhitaji kusimamisha kazi, kwa sababu kila mtumiaji ana nafasi mbili: weka mpya kwenye RSA_PUBLIC_KEY_2, hamishia programu huko, angalia inaingia, halafu UNSET RSA_PUBLIC_KEY.

Narudi kwenye hofu ya kuondoa, maana chanzo chake kikubwa ni hiki ninachokisema sasa. Neema, tumpe jina hilo, alitengeneza ripoti ya asubuhi kwa kutumia akaunti yake mwenyewe, akaipangia saa kwenye programu ya nje kama Airflow au Power BI. Ripoti ikapendwa. Neema akahamia taasisi nyingine. Mkizima akaunti yake, ripoti inakufa, kwa hiyo mnamwacha. Kazi zilizopangwa ndani ya Snowflake yenyewe hazina shida hiyo, zinaendeshwa kwa ruhusa za jukumu linalozimiliki. Zilizopangwa nje ndizo zinazobeba jina la mtu.

Wanaokaa hivyo hupatikana kwenye QUERY_HISTORY, kumbukumbu ya maswali yote yaliyoendeshwa: tafuteni watumiaji wa kibinadamu wenye maswali saa nane usiku, kila usiku, dakika ileile. Hakuna mchambuzi mwenye bidii kiasi hicho. Lakini kabla ya kutafuta, wekeni saa sawa. Akaunti ya Snowflake ambayo haikubadilishwa inatumia saa za Los Angeles, nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kutegemea msimu wao, na bila kurekebisha mtamtuhumu mtu aliyekuwa ofisini mchana kweupe. Ni mstari mmoja: ALTER SESSION SET TIMEZONE = 'Africa/Dar_es_Salaam'. Nilishaona... samahani, muda. Tuendelee.

Kwa nini haya ni ya kiutawala na si ya kiufundi tu: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019, inayotaka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, na faini inaweza kufika shilingi za Kenya milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Saa 72 ni chache sana kama ndiyo kwanza mnajiuliza nani alikuwa na ruhusa ya jedwali gani. Mwenye toleo la Enterprise ana ACCESS_HISTORY inayoonyesha nani alisoma jedwali lipi na kolamu ipi. Jizoezeni kuisoma siku ambayo hakuna moto.

La mwisho ni mapitio ya kila robo mwaka. Usimpelekee meneja orodha ya GRANTS_TO_USERS jinsi ilivyo akaweka sahihi; ataweka, hata hajaisoma. Mpelekee majina ya watu wake tu, kila jina na jukumu lake la kazi, na tarehe ya mwisho lilipotumika. Uliza swali moja kwa kila mstari: huyu bado anafanya kazi hii? Asipojibu ndani ya wiki mbili, jibu ni hapana, na hilo liandikwe kwenye utaratibu mapema, si siku ya ugomvi.

Ruhusa isiyotumika kwa siku 90 iondolewe kwa mtu, ila jukumu lenyewe lisifutwe. Kabla ya kuondoa, hifadhini amri ya kuirudisha kwenye faili, ili akipiga simu analia arudishiwe ndani ya dakika mbili. Kisha subirini mwisho wa mwezi upite, na mwisho wa robo, kwa sababu zipo ripoti zinazoendeshwa mara nne tu kwa mwaka, na kwa wenye hesabu za kufunga mwaka, subirini hadi Juni 30 au Desemba 31 ipite pia. Jukumu ambalo limevuka tarehe zote hizo bila mtu kulitafuta, angalieni umiliki wake kama nilivyosema, ndipo mlifute.

Asanteni. Tuna robo saa ya maswali, na wa ukaguzi wa ndani waanze.